Jiwe la Kipimo cha Baba

9 Januari

Mdogo wangu Kelele,

Pokea salamu za nyumba nzima. Shemeji yako anakusalimu akiwa chali, maana daktari alisema alalie ubao, na sasa yeye na ubao hawaachani. Mgongo unaendelea vizuri isipokuwa ukimwomba apasue kuni. Kuku mwekundu ametotoa kumi na mmoja. Mlango wa jikoni bado unalia, ule uliosema utautengeneza kesho.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nikikupigia unanichekesha mpaka nasahau nilichopigia, halafu salio linaisha. Karatasi hainichekeshi. Barua hii ataileta dereva wa lori la viazi. Jibu lako mpe huyohuyo, anapita hapa kila wiki, lori likiwa zima.

Sasa tulia usome. Mvua za mwezi uliopita zilinyesha siku nne tu. Siku ya tano nilienda shamba la Baba nikakuta mawe. Mawe ambayo sijawahi kuyaona tangu nizaliwe. Udongo mweusi wote umeshuka, mwingine umejaza mtaro wa barabara, mwingine umeingia kisimani, tunachota tope. Mahindi yamesimama juu ya mizizi mitupu kama watu waliovuliwa viatu. Mwaka jana, ulipotushikia shamba na kulilima kwa trekta tulipokuwa hospitali, mahindi yalikuwa mengi na ulijigamba ukasema jembe la mkono ni la makumbusho. Sasa hivi nikichimba kiganja kimoja nakutana na udongo mwekundu mgumu kama sahani.

Nataka kuyarudisha matuta ya Baba kabla ya mvua kubwa za katikati ya mwezi wa nne. Yakae kama alivyoyaweka, kukata mteremko, siyo kufuata mteremko. Kwa hiyo nahitaji kipimo chake, ile miti miwili yenye ubao katikati na kamba yenye jiwe. Nilikiacha nyuma ya jiko. Hakipo. Ulikiona?

Jambo la mwisho ni jirani yetu, Mama Mbuzi. Uliniambia mwenyewe kwamba ulipofika ulikuta mbuzi wake wamekula majani yaliyoshika matuta, wamekula mpaka mizizi, ndiyo matuta yakalala. Nimempeleka kikao cha mtaa. Na majani ya Baba nimeyaona kwa macho yangu yameota mpakani kwake, mstari mzima, kayachukua na kayapanda. Kikao kimemwamuru aondoe mbuzi wote. Unajua alijibu nini mbele ya watu? "Muulize ndugu yako." Nikamwambia, ndugu yangu ni mchekeshaji, lakini uongo hapana. Watu wakanipigia makofi.

Nijibu kuhusu kipimo.

Dada yako

*

30 Januari

Dada mpendwa, mkuu wa majeshi ya jikoni,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa ubao wake. Mwambie akipona asiutupe, nitauuza. Hongera kwa vifaranga. Mimi mzima, meza yangu nzima, miguu ya watu ndiyo mibovu, na mimi ndiyo riziki yangu hiyo. Shule zilifungua, nikauza viatu vya mtumba mpaka vikabaki vya kushoto tu. Jana kaja mzee anataka kiatu cha kazini ambacho hakijawahi kuvaliwa na mtu. Nikamwambia mzee wangu, hiki kilivaliwa na mtu mmoja tu, tena alikuwa anakaa muda wote. Akanunua! Hapa sokoni sasa wananiita Daktari wa Miguu, na unajua niliishia darasa la tano.

Pole kwa mvua. Mvua ni mvua tu, dada, nani anaweza kuipangia. Mawe nayo yana faida, wengine wanayatafuta ya kujengea. Labda ungejaribu mbolea ya mfuko, nasikia ya siku hizi inaotesha hata ukuta.

Kipimo kitafute darini. Au shemeji kakilalia.

Huyo mama wa mbuzi mwache tu. Kwani ana ubaya gani? Mtu mzima, mjane, anajishughulisha na mifugo yake. Vikao vya nini. Mambo ya mwaka jana ni ya mwaka jana.

Nakutumia buti za mpira. Zimekaribia kuwa pea.

Wako wa vicheko,
Kelele

*

13 Februari

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Vifaranga wamebaki tisa. Buti zimefika, zote za kushoto. Natembea kama nazunguka kona.

Darini hakuna kipimo. Nimeteremsha hata sanduku la Mama.

Umeniandikia ukurasa mzima na hujajibu hata swali moja. Mbolea ya mfuko nilimwaga msimu uliopita, ikateremka na udongo, sasa majani ya mtaro wa barabara yamenenepa kuliko mahindi yangu. Ninachotaka ni udongo ukae mahali pake. Baba alikuwa halipi fundi wala hanunui dawa. Mabua anayaacha yalale shambani yafunike ardhi. Maharage katikati ya mahindi. Majani ya juu ya matuta yakizidi urefu anayakata, anampa Mama Mbuzi kwa ajili ya mbuzi, naye Mama Mbuzi analeta samadi kwa toroli. Hakuna aliyemuomba mwenzake. Ule mwaka wa jua kali, sisi wawili tukiwa wadogo, mashamba yote ya mteremko huu yalikauka, la Baba likatoa magunia saba. Unakumbuka tulivyokuwa tunaficha chakula tusionekane tunakula wakati wenzetu hawana?

Mbuzi wameuzwa. Wote, hata yule mwenye sikio moja. Siku ya kuwachukua Mama Mbuzi hakutoka ndani. Samadi hakuna tena. Anazunguka njia ya kanisani asipite mlangoni kwangu. Na watu bado wanamwita Mama Mbuzi, wakati hana hata mmoja.

Nashangaa kitu kimoja. Mimi ndiye niliyeshinda kesi. Mbona nakosa usingizi?

Kipimo, Kelele. Kama unajua kilipo, sema.

Dada yako

*

24 Februari

Dada,

Natumaini mpo wazima. Mimi nipo. Nimechana barua tatu. Kila nikianza nachekesha.

Mpokee dereva. Kuna soksi ndani ya mfuko. Fungua soksi.

Kelele

*

1 Machi

Kelele,

Sisi wazima.

Jiwe limefika. Lile lenye mfuo katikati alipokuwa anafunga kamba. Nimeliweka mezani, shemeji yako kaamka kitandani kuja kulitazama, mara ya kwanza mwaka huu.

Jiwe halina miguu. Halikutoka nyuma ya jiko likaenda mjini kutafuta kazi.

Andika. Ukitania hata mara moja, naitia barua motoni bila kuimaliza.

Dada

*

7 Machi

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Nafurahi kaamka, hata kama ni kwa sababu hiyo.

Mbuzi hawakula kitu.

Nimeanza na hilo ili likitoka limetoka. Sasa nieleze lote, na kama kuna mahali panachekesha siyo kwamba natania, ndivyo ilivyotokea.

Mlipoenda hospitali mkaniachia shamba, ilikuwa zimebaki wiki mbili shule zifungue. Wiki mbili hizo ndizo mwaka wangu mzima. Na mimi nipo huko na jembe, nalima tuta moja kwa siku tatu, mzigo wangu wa viatu umelala kwa mtu. Nikasikia kuna mwenye trekta anapita barabarani. Nikamsimamisha. Akaja akaangalia shamba, akasema ana asubuhi moja tu, na hawezi kukata kona kwenye kila tuta. Ama alime moja kwa moja toka juu mpaka chini, ama aondoke. Akauliza, "Bosi, hivi vilima vidogo vya nini, unafuga nyoka?"

Nikacheka, dada. Hapo ndipo lilipoanzia. Nilicheka ili asinione mshamba.

Majani niliyang'oa mimi na vibarua wawili, asubuhi moja. Hayakutaka kutoka. Mizizi ilikuwa imeshikana kama nywele zilizosukwa, ikitoka inatoka na donge la udongo mweusi, na mimi nakung'uta donge natupa majani barabarani. Mabua nikayachoma, nikaona shamba limekuwa safi kama uwanja wa mpira. Trekta likashuka moja kwa moja. Kila mstari ukawa njia ya maji. Sikujua. Hapana, nisiseme sikujua. Baba alinipigisha magoti kwenye shamba lile miaka yote ya utoto, ananionyesha kamba ikisimama kwenye alama ya katikati, ananiambia sasa miguu miwili ya kipimo iko sawa, piga kigingi. Nilijua. Nilitaka tu kuondoka.

Mama Mbuzi alikuja. Alisimama pale pembeni na fimbo yake, akasema, "Kelele, baba yako alipanda haya majani akiwa amepiga magoti." Mimi nikamjibu, "Mama, mbuzi wako wamekutuma?" Vibarua wakacheka, mwenye trekta akacheka. Yeye akaondoka. Alirudi na toroli, akaokota majani niliyotupa, shina moja moja, akayapakia. Ndiyo hayo uliyoyaona mpakani kwake. Hakuiba, dada. Aliokota nilichotupa mimi.

Sasa kipimo. Mwenye trekta alitaka chai kabla ya kuanza. Kuni zilikuwa mbichi. Nyuma ya jiko kuna miti miwili mikavu na ubao. Nilikata kamba kwa kisu. Jiwe lilidondoka, nikalitia mfukoni, sijui kwa nini. Chai ilichemka haraka sana.

Tangu siku ile jiwe hilo linakaa kwenye meza yangu sokoni. Upepo ukija linashikilia kona ya turubai. Watu wanalishika wanauliza, hili jiwe la nini, nawaambia ni meneja. Kila siku nalishika asubuhi na jioni.

Uliporudi toka hospitali ulisimama shambani hujapumzika hata kidogo, ukauliza, "Matuta yako wapi?" Mdomo wangu ukatangulia. Nikasema mbuzi. Nilidhani utakasirika wiki moja kisha utasahau. Halafu mahindi yakawa mengi, nikaona kumbe nimefanya jambo zuri. Halafu ikaja barua yako, kwamba umesema mbele ya watu ndugu yako si mwongo.

Nilitamani ungesema mimi ni mwizi ningepumua.

Kelele

*

14 Machi

Kelele,

Salamu nakupa kwa sababu tulifundishwa salamu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka pale pa nyoka. Hapo ndipo nilipokukasirikia zaidi, na mimi mwenyewe nikajikasirikia.

Nilikwenda kwa Mama Mbuzi siku hiyohiyo. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Zizi liko wazi, limefagiliwa. Nikamsomea barua yote, hata pale ulipomuuliza kama katumwa na mbuzi. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza nikaanza kuomba radhi, akaninyanyulia mkono. "Mimi nilisema mara moja," akasema. "Watu wakapiga makofi. Sisemi tena."

Nikauliza nifanye nini. Akaniambia: "Majani yapo mpakani. Yameshika vizuri. Yatatosha matuta yote. Lakini aliyeyang'oa ndiye ayapande, na apige magoti."

Wewe umeumia, ndiyo, nimesoma. Lakini kuumia kwako kumekaa kwenye kivuli cha turubai. Kwangu mimi ni kwamba nilikuamini kuliko macho ya mwanamke aliyetuletea samadi miaka ishirini. Hilo ni langu, silibebeshi mtu.

Mvua zimebakiza wiki nne. Shemeji yako kachonga miti miwili na ubao, akiwa amekaa kitini, amepima mwenyewe katikati. Jiwe lipo. Njoo. Usilete viatu vya mtu, lete miguu.

Dada

*

19 Aprili

Mdogo wangu,

Tangu uondoke ni wiki moja na nyumba imekuwa kimya, hata mlango wa jikoni, kwa kuwa hatimaye umeutengeneza. Shemeji yako anasema siku zile kumi na saba ulizochimba zimempa yeye maumivu ya mgongo kwa kukutazama. Kuku mwekundu ameanza kulalia tena.

Mvua imekuja. Usiku kucha. Asubuhi nilikimbia na buti zangu mbili za kushoto. Maji yamesimama kwenye mitaro ya matuta, Kelele. Yamesimama, yanaingia chini polepole, hayana haraka ya kwenda popote. Yaliyofika barabarani ni kidogo, tena meupe. Tuta la nne, lile ulilopima peke yako siku ulipokuwa na mbwembwe, limebomoka upande wa kushoto. Nimelirudisha. Majani yameshika yote isipokuwa mashina kama kumi.

Usijidanganye kwamba imekwisha. Mawe bado yapo. Udongo ulioondoka umeondoka. Baba ilimchukua miaka sita kuufanya mweusi, na alikuwa na samadi ya jirani. Mwaka huu tutavuna kidogo, nimeshamwambia shemeji yako.

Nilipofika tuta la tatu nilimkuta Mama Mbuzi amesimama pale, anatazama maji. Tulisimama mpaka maji yakaisha kuingia. Kisha akaondoka, ila kwa njia ya mlangoni kwangu, siyo ya kanisani.

Kuna jambo linaniuma. Siku ile, ulipokuwa huku, uliposimama kwenye kikao ukasema, "Mbuzi hawakuhusika, ni mimi," uliona mwenyewe walivyocheka. Mwenyekiti alifuta machozi. Yule fundi wa baiskeli akasema, "Kelele bwana! Hata kumtetea jirani anafanya mzaha!" Wewe ukasema tena, wakacheka zaidi. Nami nikasimama kusema ni kweli, wakasema dada anamsaidia mdogo wake kuchekesha. Mpaka leo bado wanasimulia dukani kama kichekesho. Kwa hiyo kwenye vichwa vyao mbuzi bado ndio waliokula.

Sijui dawa yake. Wewe ndiye uliyewazoesha hivyo.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

Nawasalimu wote, na hasa tuta la nne, naliomba radhi. Viganja vyangu vimepona, ngozi mpya imeota. Wateja wanasema Daktari wa Miguu sasa kaharibika mikono.

Kuna kitu sikukuambia nilipokuwa huko. Siku ya mwisho ulienda sokoni, mimi nikabaki napanda mstari wa chini. Mama Mbuzi alikuwa ananipa mashina kutoka kwenye toroli, moja moja, kama alivyoyaokota. Siku zote zile hakuniambia hata neno. Tulipofika la mwisho akalishikilia kidogo, hakuniachia. Nikatazama juu, magoti yangu yapo kwenye tope. Akasema, "Na hili utalicheka?" Nikasema hapana, mama. Akaniachia.

Nimekuwa nikifikiria hilo neno kila siku.

Turubai langu sasa halina jiwe. Upepo ukija linapiga pa, pa, pa, wateja wanaruka. Jirani yangu wa mezani kaniletea tofali, nimemrudishia. Acha lipige.

Nimeandika karatasi nyingine, iko ndani ya hii. Mpe mwenyekiti aisome kwenye kikao, siyo wewe uisome, na mimi nisiwepo. Sauti yangu ndiyo inayowachekesha. Mama Mbuzi awe amekaa mbele.

Mbuzi mmoja nimempata kwa muuzaji wa mjini, jike, dereva ataleta mwezi ujao. Usimpe kama zawadi. Mwambie tu yuko njiani, akitaka kumpokea apokee, akikataa arudi na lori. Majani ya matuta yatakuwa yamefika urefu wa kukatwa.

Mdogo wako

*

Kwa kikao cha mtaa,

Mimi ndiye mnayemwita Kelele. Naandika kwa mkono wangu.

Mwaka jana nililima shamba la marehemu baba yangu kwa trekta toka juu mpaka chini. Niliyang'oa majani ya matuta mwenyewe. Nilichoma mabua. Kipimo cha baba nilikitia motoni nichemshe chai. Udongo ulioingia kisimani kwenu niliushusha mimi.

Mama aliyekuwa na mbuzi alinikataza. Nikamfanyia mzaha. Kisha nikasema ni mbuzi wake, na dada yangu akaniamini, na ninyi mkamwamini dada yangu. Majani yaliyo mpakani kwake aliyaokota barabarani nilipoyatupa. Ndiyo hayohayo yanayoshika maji sasa hivi.

Mbuzi wake hawakula kitu.

Aliyecheka mpaka hapa, mwenyekiti, naomba uanze kumsomea upya.